Maswali ya Meno: Raba Haijakatika, Mbona Tunaitupa?

Barua zilizoifikia safu hii mwezi huu zimeelekea upande mmoja kuliko ilivyo kawaida. Sita kati yake, zote kutoka Nairobi na vitongoji vyake, zinahusu raba zinazotumiwa pamoja na waya za kunyoosha meno, yaani vipete vidogo ambavyo mgonjwa hujivisha mwenyewe kati ya taya la juu na la chini, na cheni ya raba ambayo daktari huifunga juu ya waya. Nimezijibu pamoja kwa sababu, ukiondoa hadithi ya kila mwandishi, swali lililobaki ni lile lile: raba hupoteza nguvu lini na kwa sababu gani?

Binti yangu wa miaka 14 amevaa waya za meno tangu mwaka jana. Miezi miwili iliyopita daktari wake alimpa vipakiti vya raba vyenye picha ya mnyama, akamwonyesha jinsi ya kuinyoosha kutoka kwenye chonge ya juu hadi gego la chini, na akamwagiza abadilishe asubuhi na jioni. Mimi nililelewa katika nyumba ambayo raba ya kufungia mfuko wa sukari ilitumika hadi ikakatika yenyewe, kwa hiyo nikiona raba nzima ikitupwa pipani moyo hunisuta. Nimemwambia kila moja aitumie siku tatu. Je, nimekosea? – Mama, Buruburu

Mama, mkono wako wa kubana matumizi naupongeza, lakini katika hili daktari yuko sahihi, na agizo lako linamcheleweshea binti safari yake.

Bila shaka umemwona mwendesha bodaboda akifunga madumu ya maji kwa ukanda wa blada. Asubuhi anauvuta kwa mikono miwili hadi mishipa ya shingo inamsimama, na madumu hayatikisiki. Ifikapo saa nane mchana anasimama kando ya barabara na kuukaza upya. Ukanda haukukatika, fundo halikufunguka, na madumu ni yale yale. Kilichopungua ni mvuto wa ukanda wenyewe. Soksi za shule nazo ni hivyo hivyo. Lastiki ipo, ukiikagua haina jeraha lolote, lakini soksi inateremka hadi kwenye kiatu.

Raba nyingi za kuvaa kati ya taya hutengenezwa kwa lateksi, utomvu wa mti wa mpira. Ndani yake mna nyuzi za molekuli, ndefu mno kulinganisha na unene wao, zilizojikunja na kusongamana bila mpangilio. Utomvu ukikaushwa tu huwa na tabia mbaya, kwani hunata penye joto na kukakamaa penye baridi. Mwaka 1839 Mmarekani Charles Goodyear aligundua kwamba mpira ukichanganywa na salfa na kupashwa moto, nyuzi hizo hufungamanishwa kwa madaraja madogo ya salfa, na tangu hapo mpira ukawa kitu kinachoweza kuvutwa na kurudi. Unapoinyoosha raba, nyuzi zinanyooka, na ule mwelekeo wao wa kutaka kujikunja tena ndio nguvu inayolivuta jino. Tatizo ni kwamba nyuzi zikishikiliwa katika hali ya kunyooka kwa muda, baadhi huteleza kupita nyingine, misokoto hujifungua, na madaraja machache huvunjika. Kwa jicho raba ina urefu ule ule, lakini haivuti kama ilivyovuta mwanzo. Zaidi ya hayo, hali hiyo huanza dakika ile ile raba inapotiwa mahali pake, wala haisubiri siku ya tatu.

Kiasi gani? Nguvu iliyoandikwa kwenye pakiti hupimwa raba ikiwa imevutwa mara tatu ya kipenyo chake cha ndani. Raba yenye kipenyo cha milimita 6.4 iliyoandikwa ounsi 4.5, ambazo ni gramu 128 hivi, hutoa nguvu hiyo ikinyooshwa hadi takriban milimita 19. Ikishikiliwa hapo kwa saa 24 katika unyevu na joto la mdomo, lateksi kwa kawaida hupoteza kati ya robo na theluthi ya nguvu yake, kwa hiyo zile gramu 128 zinaweza kushuka hadi 96 au chini yake kidogo. Sehemu kubwa ya hasara hiyo huja katika saa ya kwanza hadi ya tatu, kisha mteremko unakuwa mpole.

Msomaji makini atanishika hapo. Ikiwa hasara kubwa hutokea mapema, kwa nini tusiendelee na kile kilichobaki kwa siku tatu, kama Mama wa Buruburu alivyoamua? Hoja ni nzuri, na ingekuwa na nguvu zaidi kama mdomo ungekuwa droo. Vipimo vingi hufanywa raba ikiwa imetulia kwenye misumari miwili. Mdomoni haitulii. Mtu mzima akipiga mwayo, meno ya mbele ya juu na ya chini huachana kwa milimita 40 hadi 50, na raba iliyochaguliwa kwa ajili ya mdomo uliofungwa huburutwa mbali sana na urefu wake wa kazi. Binti yako anazungumza, anacheka, anaimba kwaya, anatafuna githeri ikiwa ameruhusiwa kula nayo, na kila mara raba inavutwa na kuachiliwa. Mate yanapenya, chai ya moto inapita, mabaki ya chakula yananata. Baada ya siku moja ya maisha hayo hakuna awezaye kukisia kwa uhakika raba imebaki na nguvu gani, na daktari aliyechagua kipimo fulani kati ya vipimo kadhaa hawezi kupanga kazi juu ya nguvu asiyoijua. Raba ya siku tatu pia hunuka, jambo ambalo binti wa miaka 14 hatakwambia lakini marafiki zake wanalijua.

Niongeze jambo ambalo wazazi wengi hulisahau wanapohesabu raba. Kuivaa raba iliyochakaa ni kosa dogo kuliko kutoivaa kabisa. Jino linahitaji kuvutwa kwa saa kadhaa mfululizo, kama sita hivi, kabla ya chembe hai zinazolizunguka kuanza kuitikia, na ndiyo maana madaktari wengi huagiza raba ivaliwe karibu saa 22 kwa siku. Binti anayebadilisha raba kila asubuhi lakini akaivua njia nzima ya kwenda shule kwa kuona haya atachelewa kuliko yule aliyesahau kubadilisha. Kwa hiyo, Mama, mrudishie pakiti yake, na ule uangalizi wako wa mapipa uuhamishie kwenye saa za kuvaa. Mbinu yenyewe ina zaidi ya miaka 100; Henry Baker wa Boston aliitumia mwishoni mwa karne ya 19, na udhaifu wake mkubwa tangu wakati huo umekuwa mgonjwa anayeivua daktari asipoona.

Mimi ni mwanafunzi wa chuo kikuu na ninaishi Ongata Rongai. Kila nikienda kliniki daktari hunifungia cheni mpya ya raba ili kufunga nafasi ya jino lililong'olewa. Siku tatu za mwanzo mdomo huuma hadi ninakula uji tu, kisha maumivu hutoweka na ninabaki wiki tano bila kuhisi chochote. Je, cheni haijafa? Safari iliyopita nilikosa miadi kwa sababu ya mtihani, na sasa ni wiki ya tisa. Pia cheni ilikuwa haina rangi, imegeuka kuwa ya manjano. – Mwanafunzi, Rongai

Kijana wangu, umeuliza maswali matatu na jibu la kila moja ni tofauti.

Cheni yako haikutoka kwenye mti. Ni poliuretani, plastiki inyumbukayo iliyoingia katika kliniki za meno miaka ya 1960, ikapendwa kwa sababu daktari huifunga mwenyewe na haimtegemei mgonjwa kukumbuka. Katika kudumisha nguvu, hata hivyo, inashindwa na lateksi. Mwaka 1970 Andreasen na Bishara, wa Iowa nchini Marekani, walizilinganisha na kukuta kwamba katika siku ya kwanza cheni ilipoteza nguvu nyingi kuliko raba za lateksi. Vipimo vilivyofanywa tangu hapo vinatofautiana kulingana na aina ya cheni na namna ya kupima, lakini kwa jumla nusu ya nguvu au zaidi huondoka katika saa 24 za mwanzo, na mwisho wa wiki ya nne hubaki kitu kama theluthi.

Kisa chake ni jinsi nyuzi za plastiki hiyo zinavyoshikamana. Lateksi iliyopikwa kwa salfa ina madaraja imara, ilhali poliuretani hutegemea kwa sehemu kubwa mivutano dhaifu kati ya uzi na uzi. Mate yanapojipenyeza katikati, mivutano hiyo huachia, kama maji ya mvua yanavyoulainisha ukuta wa udongo ambao kwa nje bado umesimama. Joto la nyuzi 37 huharakisha kazi hiyo, na majaribio yameonyesha kwamba hata maji ya kusukutua yenye pombe huchangia. Wapo madaktari wanaoivuta cheni kwa mkono kwanza kabla ya kuifunga, ili ile hasara ya mwanzo itokee nje ya mdomo. Nimejaribu, na faida niliyoiona ni ndogo.

Sasa usikimbilie kusema kwamba daktari anakudanganya. Analijua jambo hili, na analifidia kwa kuanzia juu. Tuseme anataka chonge yako ivutwe kwa gramu 100. Atafunga cheni inayovuta gramu 300. Kesho yake itakuwa 150 au pungufu, na kufikia wiki ya nne itakuwa inakaribia zile 100 alizozitaka. Kwa maneno mengine, nguvu unayoipata kwa muda mrefu ni ile iliyobaki, na ile ya siku ya kwanza ni ziada ambayo yeyote kati yetu angeiondoa kama angeweza. Huu ni udhaifu wa kweli wa cheni, na sioni sababu ya kuuficha.

Kuhusu maumivu, usiyafanye mizani. Kati ya mzizi na mfupa kuna utando mwembamba wa takriban robo ya milimita, na kuvutwa kwa jino huleta uvimbe mdogo ndani ya utando huo. Maumivu hufika kilele baada ya siku moja hivi, kisha hufifia ndani ya wiki hata pale nguvu inapoendelea kuvuta sawasawa. Kutohisi chochote wiki ya tatu, basi, hakumaanishi kwamba hakuna kinachotendeka. Jino haliburutwi kama matatu iliyokwama matopeni. Upande mmoja wa mzizi chembe hai zinaula mfupa, upande wa pili zinajenga mwingine, na kazi hiyo huenda kwa mwendo wake, takriban milimita moja kwa mwezi. Ndiyo sababu miadi hupangwa kila baada ya wiki nne hadi sita.

Wiki ya tisa ni habari nyingine. Kwa sasa cheni yako imebaki kuwa pambo. Pengine hakuna kilichoharibika, ila umepoteza mwezi, na ukifanya hivyo kila muhula matibabu ya miaka miwili yatarefuka kwa miezi kadhaa. Piga simu kliniki wiki hii. Ukijua kwamba ratiba yako ya masomo haitakuruhusu kufika kwa wakati, muulize daktari kuhusu springi za nikeli na titani. Hizo huvuta kwa nguvu iliyo sawa zaidi kwa wiki nyingi, na majaribio yaliyolinganisha njia hizi mbili yameziona zikifunga nafasi kwa kasi iliyozidi ya cheni kidogo tu. Bei yake ni kubwa zaidi, zinakusanya mabaki ya chakula, na ncha yake ikilegea hulichoma shavu. Mgonjwa anayefika kliniki bila kukosa mimi humfungia cheni bila wasiwasi. Yule anayesafiri kutoka mbali na kuchelewa mara kwa mara ningependelea avae springi.

Rangi ya manjano ni ya mchuzi. Plastiki inayonyonya maji hunyonya na bizari pia, pamoja na chai na kahawa. Doa hilo si kipimo cha udhaifu. Safari ijayo chagua kijivu.

Nilisahau kuvaa raba siku nne nilipokuwa msibani. Sasa ninavaa mbili mbili kila upande ili kufidia. – Msomaji, Umoja

Pole kwa msiba. Vua moja leo hii.

Unafikiri kwamba kwa kuwa raba hulegea, mbili zikilegea zitakuwa sawa na moja yenye nguvu kamili. Hesabu hiyo haiyafikirii yale masaa ya mwanzo ambamo zote mbili ni mpya. Nguvu ikizidi, utando unaolizunguka jino hubanwa hadi damu haipiti, na chembe hai za sehemu hiyo hufa. Badala ya mfupa kuliwa mahali jino linapoelekea, mwili hulazimika kuuchimba kutoka nyuma, na jino husimama kwa wiki moja au mbili kabla ya kusogea. Kwa hiyo umevuta zaidi na umekwenda polepole zaidi. Nguvu kubwa ya muda mrefu pia huongeza hatari ya ncha za mizizi kuliwa, na unaweza kuing'oa braketi, kile kipande kidogo kilichogandishwa kwenye jino ili kushika waya. Siku nne ulizozipoteza zimekwisha kupotea. Rudi kwenye raba moja kila upande na umwambie daktari ukweli.

Mimi ni dereva wa matatu, njia ya Kayole. Ndiyo, nina waya za meno katika umri wa miaka 38, na abiria wamezoea. Raba zangu huziweka kwenye dashibodi ili nikumbuke kubadilisha. Siku hizi zinakatika ninapozivuta tu. Je, nimeuziwa mbovu? – Dereva, Kayole

Kwanza hongera, ndugu yangu. Mfupa wa mtu mzima huitikia pia, ijapokuwa huanza kwa kusitasita.

Raba zako huenda ziliondoka kliniki zikiwa nzima, kisha dashibodi ikaziua. Nairobi iko karibu mita 1,700 juu ya bahari na haiko mbali na ikweta, kwa hiyo jua linalopita kwenye kioo cha mbele lina ukali wake, na joto nyuma ya kioo hicho wakati gari limeegeshwa jua la saa sita hupanda kupita la nje. Mwanga na joto huvunja nyuzi za lateksi, na ozoni iliyomo hewani huzikata mahali zilipo dhaifu. Utaona raba imekuwa ngumu au inanata, na ukiivuta taratibu utaona nyufa ndogo ubavuni. Kulegea mdomoni hutokea ikiwa kazini, lakini huku kwa dashibodi ni kuzeeka kabla ya kazi kuanza. Weka pakiti ikiwa imefungwa, mahali pakavu penye kivuli, na usome tarehe ya mwisho wa matumizi. Kwenye gari, beba za siku moja tu mfukoni.

Nina mwanya mpana kati ya meno mawili ya mbele. Bibi yangu husema ni pambo, lakini mimi siupendi. Rafiki yangu ameniambia nifunge meno hayo mawili kwa raba ndogo ya dukani na kulala nayo. Kwa kuwa mmeandika mara nyingi kwamba raba hupoteza nguvu haraka, naona haiwezi kuleta madhara. – Msichana, Kariobangi

Mwanangu, barua yako imenifanya niache nyingine zote nikujibu kwanza, ingawa gazetini imekaa ya tano. Usifanye hivyo hata usiku mmoja.

Mzizi wa jino umechongoka kama karoti. Raba iliyozungushwa kwenye meno mawili bila waya wala braketi ya kuizuia haibaki pale ulipoiweka. Inatafuta penye wembamba, na penye wembamba ni juu, chini ya ufizi. Asubuhi utadhani imekatika ukaimeza. Kumbe inapanda kidogo kidogo kwenye mizizi, na kila inapopanda hukuta mahali pembamba zaidi, hivyo haihitaji nguvu nyingi ili iendelee. Ile robo au theluthi iliyoipoteza haikusaidii kitu. Njiani huharibu utando na mfupa unaoshikilia meno. Mgonjwa huja baada ya wiki au miezi akiwa na ufizi uliovimba, usaha, na meno mawili yanayocheza na kuonekana marefu, wala hakumbuki ile raba. Kwenye picha ya eksirei raba haionekani, kwa hiyo hata daktari anaweza kuhangaika kabla ya kuipata. Katika visa vibaya meno yenyewe, ambayo hayakuwa na ugonjwa wowote, hung'olewa. Ikiwa umekwisha kujaribu na raba ikapotea, nenda kwa daktari wa meno kesho na umwambie wazi.

Kuufunga mwanya kwa njia salama kunawezekana, ila huanza kwa kutazama chanzo chake, kwa mfano ule mshipi wa nyama unaoshuka kutoka mdomo wa juu, au meno kuwa madogo kuliko taya. Baraza la KMPDC lina daftari la madaktari na madaktari wa meno waliosajiliwa nchini; thibitisha jina kabla ya kulipa, kwa maana siku hizi waya za meno hufungwa hata saluni. Na juu ya kauli ya bibi yako, mimi mwenyewe niko upande wake, lakini mdomo ni wako.

Mwanangu wa miaka 11 akipuliza baluni midomo humvimba na kuwasha. Mwezi ujao anaanza kuvaa waya, na nimesikia zipo raba zisizo za lateksi. Je, zinafanya kazi sawasawa? – Baba, South B

Baba, umefanya vyema kuuliza kabla. Dalili hizo zinafanana na za mzio wa lateksi, na mtoto anapaswa kupimwa na daktari kabla ya raba yoyote kuwekwa mdomoni mwake. Muulize pia kama ndizi, parachichi, papai au kiwi humletea mwasho ulimini au kooni, kwa sababu baadhi ya watu wenye mzio huu hushtuka wanapokula matunda hayo. Protini zake zinafanana na zile za utomvu wa mpira. Ikiwa amewahi kubanwa na pumzi baada ya kugusa mpira, hilo liwe neno la kwanza utakalolitamka kliniki.

Raba zisizo na lateksi zipo na hufanya kazi, ila si sawasawa kabisa. Hutengenezwa kwa mpira wa kubuni, na nyingi kati yake hupoteza nguvu mapema na kwa kiasi kikubwa kuliko lateksi. Zipo ambazo kwa siku moja hupungukiwa na karibu nusu. Kwa hiyo mwanao huenda akaagizwa abadilishe mara tatu au nne kwa siku pale ambapo mwenzake angebadilisha mara mbili, na daktari anaweza kuanza na kipimo kilicho juu kidogo. Usishangae pakiti zikiisha haraka, na usifuate ratiba ya binamu yake mwenye lateksi. Omba mzio huo uandikwe kwenye jalada lake kwa herufi zinazoonekana, kwa kuwa glavu za daktari na za msaidizi wake nazo zinaweza kuwa za lateksi, na siku ya kufunga waya zitakuwa mdomoni mwake kwa muda mrefu kuliko baluni yoyote.